Barua Iliyosubiri Nisimame

Faini yangu ya kwanza nchini Burundi niliipata kwa sababu ya mkono wa kushoto. Nilikuwa nimemaliza kujaza mafuta Kabezi, nikaingia barabarani kama nilivyofundishwa kwetu Tabora, upande wa kushoto, tena huku naimba. Lori lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu, na askari aliyesimama ng'ambo akaninyooshea kidole kimoja tu. Sikubishana naye. Nililipa benki, nikatia risiti kwenye droo ya gari, na kwa wiki nzima nikawa naendesha huku najisemesha peke yangu: kulia, kulia, kulia.

Ya pili niliipata Magara, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kuishi Rumonge, nilikohamia kama mwalimu wa Kiswahili.

Nilisimama kununua ndagala, dagaa wa huko, nikaegesha vibaya, upande ule ule wa ushamba wangu. Askari akaja, akaomba leseni, akaigeuza mara mbili.

"Mwalimu, perimi yako imeshakufa," alisema. "Iko na siku kumi na mbili imekufa."

Nilimweleza kwamba nalijua hilo. Nilipokwenda nyumbani likizo ya Krismasi niliomba mpya, nikapigwa picha, nikaweka alama za vidole, ila kadi ilikuwa haijatoka. Nilimwachia baba risiti. Baba ameichukua kadi na ameshaituma.

"Ameituma na nani?"

"Kwa posta."

Akamwita mwenzake aje asikie. "Posta," akarudia taratibu, kama mtu anayetaja jina la marehemu aliyempenda. Wakatazamana. Hawakunicheka usoni, walisubiri nigeuke.

Lakini sitawasema vibaya wale askari. Yule aliyeikagua leseni aliniandikia faini, akachukua kadi ya gari, akaniambia, "Siku perimi itafika, unakuja unachukua karatasi yako. Mpaka siku hiyo gari ilale nyumbani." Kisha mwenzake akakaa kwenye usukani akaniendeshea hadi mlangoni kwangu Rumonge, akarudi kwa basi, na soda niliyompa akaikataa.

Sasa nieleze habari za baba, maana bila yeye kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Baba alifanya kazi posta maisha yake yote ya utumishi. Alistaafu na kiti kimoja cha ofisi, alichoomba apewe, na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: kwamba barua iliyoandikwa vizuri hufika. Nilimsihi ampe dereva wa basi ile leseni, ije kwa mkono kupitia Kasulu na Manyovu. Akanijibu kwamba kadi ya serikali haisafiri kwenye mfuko wa suruali. Nikamwomba basi aandike namba yangu ya simu juu ya bahasha. Akasema simu si anwani. Akaandika jina langu, Mwalimu wa Kiswahili, Rumonge, Burundi, akairejista, akanipigia kunisomea namba ya rejista kwa sauti ya mtu anayesoma Zaburi.

Nilikuwa nimemwahidi kitu. Pasaka nitakuja na gari langu, nimpakie mbele, tuzunguke naye mjini mpaka aseme basi. Baba alikuwa hajawahi kupanda gari la mtoto wake. Bila leseni na bila kadi ya gari nisingevuka mpaka, na Pasaka ilikuwa inakuja mbio.

Wiki ya tatu tangu aitume akauliza, "Umekwenda posta kuuliza?"

"Nimekwenda, baba. Hawajaiona."

Nilimdanganya. Sikuwa nimekwenda hata mara moja. Nilipofika Rumonge nilimuuliza mwalimu mwenzangu posta iko wapi, akaniambia, "Posta ya nini? Hapa tunatuma na basi," nami nikaona aibu kuuliza tena. Kwa hiyo nikawa nazunguka kituoni, kila gari litokalo Bujumbura au Mabanda namuuliza dereva kama hana bahasha yangu. Mtoto wa posta, nimekulia juu ya vifuko vya barua, natafuta barua ya rejista kwa makondakta. Na baba mtu mzima, kule Tabora, akawa anaamini kwamba kazi aliyoifanya maisha yake yote imempotezea leseni ya mwanawe. Dada yangu aliniambia kwamba ameacha kwenda barazani kwa wastaafu wenzake. Akiitwa kula anasema ameshiba.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilifika hadi wiki ya saba tangu barua itumwe, na katika wiki hizo mambo ya ajabu yakaanza mtaani kwangu.

Jirani yangu ni mama mtu mzima aliyekulia Ulyankulu kwetu Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi, akarudi Burundi na wajukuu. Siku moja alikuja na bakuli la isombe, kisamvu kilichoungwa kwa mawese ya Kizuka, akakaa. Alinitazama nikila, akasema, "Kula mwanangu, mtu anahitaji nguvu," akaenda. Kesho yake akaja mwingine na ndizi. Keshokutwa mwingine akanifulia mapazia bila kuulizwa. Nikienda Kizuka kufundisha, sasa kwa pikipiki ya kukodi, wanawake niliopishana nao njiani walinishika mkono kwa mikono miwili, wakakawia kuuachia.

Na wote walimalizia kwa neno moja. "Mwalimu, Jumapili uje usali na sisi."

Mimi ni Mkatoliki wa kurithi. Nina parokia yangu, nina benchi langu. Nikajisemea, haya, ndiyo haya, isombe ni chambo na mimi ndiye samaki. Nikawa nakula isombe na kukwepa Jumapili. Nilikuwa na kisingizio kipya kila wiki: mitihani, tumbo, mgeni kutoka Bujumbura. Jirani hakukasirika hata siku moja. Alisema tu, "Mungu anajua wakati," na Jumatatu bakuli likarudi limejaa.

Wiki ya saba dada akapiga simu. Baba alikuwa ameanza kuandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wa posta, akaichana, akaiandika tena, akaichana. Alisema hawezi kuwashtaki watu wa nyumba yake. Usiku ule nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Jirani aligonga akiwa amevaa kitenge chake kizuri.

"Leo twende," alisema. "Nitakushika mukono, sitakuacha."

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine, na tumbo langu lilikuwa na deni la mabakuli mengi. Nikaenda.

Kanisa lile limejaa watu waliorudi kutoka Tanzania. Nyimbo zao nilizijua, za Tabora kabisa, na nilipofunga macho nilidhani niko nyumbani. Baada ya mahubiri na matangazo, shemasi, mzee mrefu mwenye koti lililomzidi mabega, akatoa bahasha kabatini. Akasoma jina langu, jina zima, pamoja na la babu.

Nilijikunyata kama mwizi. Akasoma tena. Jirani akanigusa goti. "Simama, mwanangu."

Nikasimama. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu wakahama benchi, wakaja kusimama kila mmoja upande wake, wakanishika viwiko. Shemasi akashuka, akanipa bahasha kwa mikono miwili. Mwandiko wa baba, herufi zimesimama wima. Nikaichana. Kadi ikadondoka sakafuni, picha yangu ikiwa imekunja uso.

"Ni leseni," nikasema. "Leseni ya gari."

Kanisa zima lilitoa pumzi. Kisha wakapiga vigelegele kama mtu amejifungua salama, na mmoja wa wale wanawake wawili akaketi chini akawa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada shemasi alinieleza. Barua ilipofika posta ya Rumonge, karani aliona muhuri wa Tabora. Hakunijua, lakini aliwajua watu wa Tabora, maana mji umejaa wao. Akamuuliza muumini mmoja wa kanisa lile aliyekuwa anapita, huyu si wa kwenu, akamsainisha kitabu akampa. Barua ikaenda kanisani, na kanisani barua zina sheria yake.

"Kule ukimbizini, barua karibu zote zilikuwa za musiba," alisema shemasi. "Kuna mama mumoja walimupa barua njiani, amebeba maji, iko peke yake. Alisoma pale pale. Tulimukuta jioni, amekaa chini, ndoo imemwagika, hasemi. Toka siku ile tulikata shauri: barua haipewi mutu njiani, na haitangazwi nje. Tunasoma jina hapa ndani kila Jumapili mpaka mwenyewe asimame, na wamama wawili wanamushika."

"Kwa hiyo mmenisoma Jumapili ngapi?"

"Sita. Bahasha ilikuwa na nembo ya serikali na rejista. Tukasema, hii iko nzito. Tukaona bora ule vizuri kwanza."

Basi ndiyo isombe ile. Ndiyo mapazia. Watu ambao hawakuwa na cha kuwazidi wenzao walinihani kwa wiki sita, kabla ya msiba ambao haukuwapo, kwa sababu walijua kukaa ugenini na kuogopa bahasha. Mimi niliyekwenda shule nikawaona wavuvi. Niliona haya hadi masikio yakawaka, na nikawaambia hivyo hivyo, pale nje, mbele ya wote. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na wewe, mzee," nikamuuliza shemasi, ili nigeuze maneno, "barua zako anakusomea nani?"

Akafikiri. "Nimesoma majina ya watu toka nikiwa kijana. Langu halijawahi kuwamo. Nani angeniandikia? Ndugu zangu wote tulikimbia pamoja."

Nilimpigia baba nikiwa bado uwanjani mwa kanisa.

"Baba, barua imefika."

"Nisomee muhuri wa Rumonge."

Nikaielekeza bahasha kwenye jua, nikamsomea tarehe. Nilimsikia akihesabu kwa midomo.

"Siku kumi na moja," alisema. "Ilifika kwa siku kumi na moja. Sasa ulipokwenda kuuliza, walikwambiaje haijafika?"

Ningeweza kuusukuma uongo hatua moja mbele. Karani angeubeba, hakuwapo kujitetea.

"Sikwenda, baba. Niliona aibu kuuliza. Nilikudanganya."

Nikasikia kuku wa nyumbani wakitembea karibu na simu. Hatimaye akasema, "Mtoto wa posta," taratibu, bila ukali. Kisha akaiweka simu kando bila kuikata, na nikamsikia akimwita dada: "Siku kumi na moja! Lete chakula."

Askari wa Magara alinirudishia kadi ya gari siku ya pili. Aliomba aione bahasha, akaisoma mbele na nyuma, akampelekea mwenzake. "Posta," alisema, na safari hii hakucheka.

Pasaka nilivuka mpaka, nikahamia kushoto bila kuua mtu, nikafika Tabora nikiwa mwekundu kwa vumbi. Baba hakulitazama gari. Alinyoosha mkono apewe bahasha. Aliikagua kwa miwani, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, ndipo akafungua mlango wa mbele akakaa. Tulizunguka mjini mara nne. Hakusema basi. Nilipomsimulia habari za kanisa alinisikiliza akitazama mbele, kisha akauliza jina kamili la shemasi, na linaandikwaje.

Sasa mimi huenda kanisa lile mara moja moja, parokia yangu inanisamehe. Jumapili ya tatu baada ya likizo nilikuwa nimekaa karibu na jirani yangu. Baada ya matangazo shemasi akafungua kabati, akatoa bahasha moja, akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma jina. Akakwama katikati.

Akalisoma upya tangu mwanzo, kwa sauti, maana sheria ni sheria. Hakuna aliyecheka. Alikuwa tayari amesimama, kwa hiyo hakujua afanye nini. Akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la mbele kama muumini mwingine yeyote, kisha akasimama.

Wale wanawake wawili wakaja, wakamshika viwiko. Akaifungua pale pale. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Hakuna aliyekufa," aliliambia kanisa. "Iko muzee mumoja wa Tabora. Anasema asante."