Mama Alijibu Kuwa Hajambo

Mama yangu alilelewa akifunzwa kwamba mtu akikusalimu, unajibu sijambo, hata ukiwa unaumwa. Nilimtoa kijijini kwetu Bonga na kumfikisha hospitali akihema kwa shida. Daktari kijana akapita kitandani.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Naendelea vizuri."

Akahamia kitanda cha jirani, kwa mke wa mwenye duka mmoja, aliyelalamika tangu asubuhi huku wanawe wakimfuata kila muuguzi. Huyo akawekewa oksijeni.

"Mama, sema unaumwa," nikamwambia.

"Nimlalamikie mtoto wa watu aliyenisalimu kwa heshima?"

Nikamfuata daktari. Akasema, "Mbona mwenyewe amesema yuko vizuri?"

Mama alifariki jioni ile. Mpaka leo inanikera. Kifua chake kilionekana kikihangaika hata ukiwa mlangoni, na daktari alisimama karibu naye kabisa.