Ziara ya Tatu kwa Salma

Wakala aliniambia Jidda na Riyadh ni kama Likoni na mjini. "Unavuka tu, dada," akasema. Nami mtu mzima, mwenye akili zangu, nikamwamini nikatia sahihi. Miaka ile Mombasa ilikuwa imejaa mawakala, kila ghorofa ina bango la kazi za Saudia, na huyu wangu alivaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kunikaribisha soda. Nilimweleza wazi kwamba siendi kutafuta pesa za kujenga. Naenda kumchukua mtoto wa mdogo wangu, na mtoto huyo yuko Jidda. Aliitikia kwa kichwa muda wote, kisha akanipeleka Riyadh. Kati ya miji hiyo miwili kuna mwendo wa kutwa nzima kwa basi, jangwa huku na jangwa kule.

Mdogo wangu Mwanatumu alifanya kazi za ndani Jidda. Alimtoroka kafili wake, yule mwajiri anayeshika karatasi zako zote, akapanga chumba mtaa wa Al-Baghdadiyah na kuzaa mtoto wa kike, Salma. Baba wa mtoto hatukumjua, na sitapoteza wino kwa ajili yake. Salma alipokuwa na miaka miwili, mama yake aliugua akafa, na mtoto akapelekwa kwenye makao ya watoto. Sisi huku Matuga tulisoma hitima, tukalia, halafu tukaanza kuulizana: na mtoto je? Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mama mkubwa wake. Hapakuwa na mwingine wa kwenda.

Safari ninayoisimulia hapa niliifanya nikiwa nimeshamaliza mwaka na miezi saba Riyadh. Kipimo cha damu kilishasema mtoto ni wetu. Barua kutoka nyumbani zilikuja, zikarudishwa kwa kuwa muhuri haukusomeka, zikaja tena, zikarudishwa kwa kuwa sasa ulisomeka lakini haukuwa wa ofisi ile. Nilichoka mpaka nikawa nacheka peke yangu jikoni. Hatimaye ikabaki kitu kimoja tu, ripoti ya makao. Unamtembelea mtoto mara tatu mbele ya msimamizi, naye anaandika kama mtoto amekukubali. Mara ya kwanza Salma alijificha. Mara ya pili msimamizi aliandika kwamba mtoto anaogopa. Ikibaki hivyo mara ya tatu, faili linafungwa, na mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi mitano. Ningerudi nyumbani mikono mitupu, na Salma angebaki pale.

Riyadh, Jumamosi jioni. Madam, mwajiri wangu, alikuwa ameniruhusu siku tatu, akazijutia palepale. Aliniita Juma. Jina langu ni Mwanajuma, lakini nilikuwa nimeshachoka kumwambia kwamba Juma kwetu ni mwanamume. "Juma, nani atapika? Juma, nani atawaogesha watoto?" Nikamkunjia sambusa za siku tatu, nikazijaza kwenye friza. Nikapiga pasi shela za nyumba nzima. Akafungua friza, akazitazama sambusa, akauliza kama zinatosha wageni. Wageni gani tena? Barua ya ruhusa ya safari ilikuwa bado haijaandikwa na mumewe, na bila barua hiyo sitoki mlangoni. Baba mwenye nyumba aliiandika baada ya chakula, akiwa amelaza mguu juu ya mto, dakika mbili tu. Nilikuwa nimeiomba wiki tatu.

Batha, Jumapili asubuhi. Saa moja basi la Jidda lilikuwa linanguruma na sisi tumeshaketi, wanawake mbele, wanaume nyuma, maboksi ya watu kila mahali. Dereva akashuka kunywa chai. Tukamngoja dereva. Aliporudi akakumbuka kwamba hajajaza mafuta. Nilikuwa na mfuko mmoja mapajani, ndani yake gauni la manjano nililomshonea Salma kwa kukisia, maana hakuna aliyekubali kumpima.

Njiani. Sina mengi ya kuwaambia kuhusu jangwa lile kwa sababu nililitazama kwa hasira. Tulisimama kuswali adhuhuri, tukasimama kula, tukasimama kwenye kizuizi ambako askari alisoma barua ya baba mwenye nyumba, akanitazama, akaisoma tena, na kuniuliza naenda kumwona nani. "Mtoto wa ndugu yangu," nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akaniuliza mtoto yuko na nani. Nikashindwa kueleza, nikasema tu yuko pale, nikimwonyesha njia kwa kidole. Akanirudishia barua.

Sharafiya, Jidda, baada ya magharibi. Nilifikia kwa Akinyi, Mkenya mwenzetu wa Kisumu anayefagia saluni ya wanawake. Yeye alipanga chumba kimoja na Mwanatumu, na ndiye aliyembeba Salma siku mama yake alipozikwa. Hana ikama, yaani hana kibali cha kukaa, kwa hiyo hathubutu kusogea hata kwenye lango la makao. Anaishi juu ya duka la simu, chumba kina vitanda vitatu na dirisha moja. Alikuwa ananimenyea viazi.

"Sasa Mwanajuma, mara ya mwisho ilienda aje? Hebu niambie vizuri," akasema.

"Ilikwenda vizuri. Ndiyo maana sielewi yule msimamizi ameandika nini. Mtoto ana adabu, ukimwambia kitu anafanya."

"Ulimwambia nini hasa? Salma hajui Kiswahili tena, amekua na Kiarabu tu."

"Nilimwambia kwa Kiarabu. Nilimwambia taali, njoo. Nikamwambia ijlisi, kaa. Nikamwambia jibi moya, lete maji, tunywe wote. Akamwaga kidogo, nikamwambia nadhifi, yalla, upesi. Akapangusa, tena vizuri."

Akinyi akaacha kumenya. "Sasa si hayo ndiyo madam yako hukuambia?"

Nilimkasirikia. Mtu nimetoka Riyadh, sijala, mgongo umekufa ganzi, halafu naambiwa hivyo. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo vyake vyote, hata visivyokuwa vichafu. Lakini nikiwa pale kwenye sinki nilianza kuyahesabu maneno ya Kiarabu ninayoyajua, moja baada ya jingine: lete, peleka, safisha, kunja, haraka, hapana, si hivyo. Sikupata hata moja la kumwambia mtoto wa miaka minne.

"Na madam huongeaje na watoto wake?" Akinyi akauliza nyuma yangu. "Si huwasikia kila siku?"

"Huwasikia."

"Basi ongea hivyo."

"Maneno yale sijawahi kuambiwa mimi," nikasema. "Yatanikaa vipi mdomoni?"

Akanikalisha kitandani, tukafanya mazoezi, yeye akiwa Salma, mimi nikiwa mimi. Habibti. Mpenzi wangu. Nililisema kama ninayesoma bango la barabarani. Akinyi akacheka mpaka akalala chali, na mimi nikazidi kununa.

Jumatatu asubuhi, makao ya watoto. Mlangoni walinipokonya mahamri niliyoyachoma kwa Akinyi alfajiri. Chakula cha nje hakiruhusiwi. Mara iliyopita nilileta chakula vilevile na hakuna aliyesema neno, lakini mlangoni siku hiyo alikuwa mlinzi mwingine. Nikaachiwa gauni na kiboksi cha juisi ya embe kwa sababu kilikuwa hakijafunguliwa. Nikangoja saa nzima.

Chumba cha wageni kina viti vilivyoegemezwa ukutani pande zote, meza ndogo katikati, mtungi wa maji na sanduku la tishu. Msimamizi anaitwa Ustadha Hessa, mama mnene mpole wa sauti, asiyekuwa na haraka na jambo lolote duniani. Alikaa pembeni na faili lake. Salma akaletwa. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, miguu pamoja, akingoja. Uso ni wa Mwanatumu kabisa, mpaka mwanya wa meno.

"Habibti," nikasema.

Akamgeukia Ustadha kutazama kama nimekosea. Nikampa gauni, akalipokea, akalikunja mara nne na kuliweka mezani. Nikatoboa juisi kwa mrija nikampa. Akaibana kwa nguvu na juisi ikaruka, ikatapakaa mezani na kuchirizika mpaka chini. Sikuwa nimefungua hata mdomo. Mtoto alishavuta tishu na anapangusa, mbio mbio, huku ananitazama usoni kuona kama nimekasirika.

Ndipo nilipojiona. Namna ile ya kupangusa huku unachungulia uso wa mtu ni yangu mimi. Nimeifanya mwaka na miezi saba. Roho iliniuma nikatamani kulia, lakini zaidi ya kulia nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuibeba ila mimi. "Halas," nikamwambia, basi, yatosha. Nikapiga magoti, nikamtoa tishu mkononi, nikapangusa mwenyewe. Nilipangusa meza, miguu ya meza, na sakafu. Kazi hiyo naijua.

Salma alisimama akinitazama kichwani. Baadaye kidole kidogo kikashuka mbele ya macho yangu. "Hina," akasema. Hapa. Kweli palikuwa na tone. Nikalipangusa. "Hina." Hapo palikuwa pasafi, lakini nilipapangusa. "Hina," akasema tena, akionyesha ukuta, na safari hii mwanya ulikuwa nje.

Nikapangusa ukuta.

"Ijlisi," akaniamuru. Nikakaa palepale sakafuni. "Gumi." Nikasimama, magoti yakalia. "Ijlisi." Nikakaa tena. "Jibi moya." Nikaenda kwenye mtungi nikamletea maji. Akanywa funda moja, akanirudishia kikombe akakunja uso. Ya baridi sana. Nenda kalete mengine. Huyo alikuwa madam kamili, hakupunguza kitu. Nikaleta mengine. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, na ni kicheko cha mdogo wangu, kile cha kukatika katikati kuvuta pumzi. Pembeni Ustadha Hessa alikuwa amejiziba mdomo kwa faili.

Muda ulipokwisha Salma alikuwa amevaa gauni la manjano juu ya nguo zake. Lilikuwa refu, linaburura. Ustadha akaandika kwa muda mrefu, halafu akaniambia taratibu ili nielewe: "Leo hakuogopa. Lakini ukimlea hivi atakuwa na tabia mbaya."

"Hiyo tabia ni yangu," nikamwambia. "Nitaibeba."

Mlezi alipokuja kumchukua, Salma alishika baibui langu. Akatoa amri moja tena, kwa sauti ileile ya ukali aliyoniagizia maji. "Khudhini." Nichukue. Neno hilo nililijua vizuri, nilikuwa naambiwa kila siku, chukua taka, chukua sinia, chukua viatu vya watoto. Amri zote nilizopewa Saudia nilizitii, zenye maana na zisizo na maana. Hii ndiyo ya kwanza niliyoitaka kwa moyo wangu wote, na sikuweza. Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayetazama mfanyakazi asiyesikia.

Riyadh, Jumanne jioni. Sambusa zilikuwa zimekwisha siku ya kwanza. Sinki lilijaa vyombo tangu Jumapili, sufuria juu ya sufuria, na Madam akanipokea kwa kuniuliza mbona nimekawia. "Juma, yalla." Nikavua baibui nikaanza kazi. Lakini kuanzia siku hiyo nilikuwa natega sikio alipokuwa akiongea na wanawe. Nikayaokota maneno yake, moja moja, na kuyasema kwa sauti ndogo nikiwa nakunja nguo. Mtoto mdogo wa Madam alinisikia akafikiri naongea naye, akaja akanilalia mapajani.

Ripoti ilikuja nzuri. Karatasi ya safari ikachukua miezi mitatu na nusu, na picha za Salma zilirudishwa mara mbili, mara masikio hayaonekani, mara yanaonekana mno. Sitaki kulisimulia hilo, nitapandwa na presha bure. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki chache tulipopanda ndege pamoja, Salma kwenye gauni la manjano, ambalo sasa lilimkaa vizuri.

Matuga, wiki ya kwanza. Muda wote Saudia nilikuwa nikilalamika kwamba sijui Kiarabu. Nilikijua, ila cha upande mmoja, cha kutumwa, na nilikimwaga chote juu ya mtoto nikidhani ndivyo watu wanavyosemeshana. Hilo ndilo nililorudi nalo. Mama yangu alikuwa amekaa barazani na majirani wawili waliokuja kumwona mjukuu, wakati Salma alipokuja akasimama mbele yangu, akaninyooshea kidole.

"Jibi moya."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Ananituma maji."

Majirani wakatazamana. "Mtoto huyu anakutuma wewe?" mama akasema. "Mwanajuma, na wewe unamwacha?"

"Adabu tutamfundisha," nikamjibu. "Atajifunza polepole."

Nikainuka, nikaingia ndani, nikamchotea maji ya mtungini. Hayapendi ya baridi sana.