Tairi za Kamanda

Shemeji yangu mtaani wanamwita Kamanda, na jina hilo hajawahi kulikataa. Jeshini alikuwa mpishi. Alipostaafu akanunua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada, akaliegesha uani, likaziba dirisha langu, na tangu hapo nyumba nzima tukawa tunaamrishwa.

Binti yao akajifungua, mjukuu wa kwanza, huko mlimani alikoolewa. Dada yangu, mkewe, akafungasha mkoba siku hiyo hiyo. Kamanda akatangaza kwamba watakwenda kwa lori. Dada akalizunguka, akainama, akachomeka ufunguo wa kabati kwenye ufa wa tairi. Ukazama wote.

"Kwa hizi, baba watoto, sipandi."

"Kashata za kukanyagia zote zipo. Hazijatembea hizi."

"Zimezeeka zikiwa zimekaa. Mjukuu wangu nataka nimwone nikiwa mzima."

Wakanuniana wiki nzima. Dada alikuwa akiufungua ule mkoba, anazitazama nguo za mtoto, anaufunga tena. Roho iliniuma, nikamwambia Kamanda waziwazi kwamba huo ni ubishi wa kijinga. Akaniita raia. Lakini kesho yake, shingo upande, akaleta tairi mpya.

Upande wa kulia magurudumu yalitoka bila matata. Kushoto nati zikagoma. Kamanda akasema ni kutu. Tukamwaga mafuta. Akaunga bomba kwenye spana, tukaning'inia watatu: mimi, fundi pancha, na jirani mmoja mnene ambaye hasa ndiye tuliyemtegemea. Bomba likapinda, nati haikusogea hata kidogo.

Dada akatoka jikoni. "Mnazungushia wapi?"

"Kushoto, kama dunia nzima," nikamjibu, maana adabu ilishaniishia.

Akamgeukia mumewe. "Ile mitungi ya gesi kule jeshini, ulikuwa unafungulia wapi?"

Kamanda akashika spana, akazungusha kulia, nati ikalegea. Kumbe nati za kushoto za lori lile hufunguka kinyume, kama za mitungi ya gesi, na sisi tangu asubuhi tulikuwa tunakaza. Jirani mnene alicheka mpaka akakaa chini.

Tukafunga tairi mpya. Za zamani tukaziegemeza ukutani, juani, na upepo wake humo humo, kwa kuwa Kamanda alikataa katakata kuutoa. Eti ule ni upepo wa jeshi, atakayezinunua azikute kamili. Alikuwa bado anatueleza ubora wake pale moja ilipopasuka.

Sote tulilala chini. Vumbi lilipotulia tuliona ubavu wa tairi umechanika wote.

Kamanda ndiye aliyetangulia kuinuka. Tairi hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mkewe pale mlangoni, akamshika mkono.

"Ningekuua, mama," akasema, mbele yetu sote.

Dada akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Hukuniua. Washa gari, mtoto anatungoja."