Majibu ya Vipimo

Kraa! Kiti kiliburuzwa usiku chumba cha pili, kisha jirani yangu akasema peke yake, "Vipimo hivi vitanimaliza."

Nyumba yetu ya Chang'ombe haina dari. Nilisikia, na mama yake aliyetoka Njombe kumtembelea akasikia pia. Mie najua kijana anasomea uzamivu wa hisabati, na kabla ya kuanza utafiti lazima afaulu masomo ya darasani. Moja ni nadharia ya vipimo, yeye huliita Vipimo tu. Alishafeli mara moja. Akifeli tena anadisko, yaani anafukuzwa chuo.

Asubuhi nilimkuta mama uani na mwanawe, mwiko umesimama katikati ya uji.

"Majibu ya vipimo yanatoka lini, baba?"

"Leo mchana, mama. Naogopa."

"Na yale ya kwanza?"

"Yalikuwa mabaya. Wamesema safari hii ndiyo mwisho."

Uji ukafurika juu ya jiko, hakuna aliyeutazama. Wanaotafsiri hisabati wangetutafutia neno lisilonuka spiriti ya hospitali.

"Shikamoo, mama," nikaingilia, "vipimo anavyosema..."

Akaninyamazisha kwa kiganja. Kijana aliwahi kunieleza kwamba tangu baba yake afariki, nyumbani kwao ugonjwa uliomuua hautajwi. Husema "ile shida". Mama akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili. Midomo ikafunguka, ikafumba, ikafunguka tena.

"Ni kansa?"