Zamu ya Mchungaji

Kanisa lilipoanza sebuleni kwake, mchungaji alikuwa kila kitu. Alifagia, alipanga viti vya kuazima, alihubiri, na mtu akiugua alimfikia kabla ya daktari. Alijua nani ana mkwe mkorofi na nani hukoroma wakati wa mahubiri. Wa kwanza kukoroma alikuwa mjomba wake mwenyewe, kwa hiyo alizoea mapema.

Kisha watu wakaongezeka. Wakajaa ukumbini, wakamwagika mpaka kwenye mahema ya nje, walikomsikia kwa spika tu. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba wagonjwa watatembelewa na vikundi vya mitaa, kwa zamu, na mchungaji abaki kuwafundisha viongozi. Aliitikia kwa mdomo, moyo ukagoma. Kama haketi tena na mgonjwa, yeye ni mchungaji wa nini?

"Utawabeba wote mpaka lini, baba watoto?" mkewe alimuuliza. "Na mgongo wenyewe ndio huo."

"Huyu mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa bibi fundi cherehani, aliyekuwamo sebuleni tangu siku ya kwanza, na sasa amepooza upande mmoja. Mchungaji akavua kola yake ya uchungaji, akachepuka mchana kweupe kama mwanafunzi mtoro.

Alikuta mlango wazi. Ndani, mwanamume wa miraba minne, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono imejaa makovu ya cheche, alikuwa amepiga magoti akimkata bibi kucha za miguu. Mama mmoja alimnywesha supu kijiko kwa kijiko, akimfuta upande wa mdomo uliolegea. Chumba kilinukia sabuni. Mchungaji hakumjua hata mmoja wao.

"Karibu, mzee," alisema fundi wa vyuma. "Wewe ni jirani?"

Mchungaji alipunga mkono tu, akakaa kwenye stuli. Hawa walikuwa watu wa mahemani. Sura yake hawakuwahi kuiona kwa karibu. Bibi ndiye aliyemtambua, na jicho lake zima likamcheka.

"Tulia hapo," alimwambia kwa ulimi mzito. "Leo si zamu yako."

Iliuma, tusidanganyane. Alikuja na maombi yake tayari, na hapakuwa na pa kuyaweka. Lakini akaitazama ile mikono mikubwa ikishika kidole kidogo cha mguu kwa woga wa kukiumiza. Yeye hakuwahi kumkata mgonjwa kucha. Alikuwa akiomba, akiinuka, akikimbilia nyumba inayofuata. Jambo aliloliita kazi yake lilikuwa limemzidi kimo, likaingia katika nyumba asizozijua, mikononi mwa watu ambao hakuwahi hata kuwasalimia. Akaingiwa na hofu ile inayomfanya mtu avue viatu mahali patakatifu.

Fundi wa vyuma akamwombea bibi kwa maneno machache, kisha akamgeukia.

"Na wewe, mzee, una jambo la kuombewa?"

Miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ninalo," alisema.

Fundi akashtuka. Sauti hiyo aliijua vizuri, ya kwenye spika. Mkono aliokwisha kuuinua kumwombea ukabaki hewani.

"Usiache," mchungaji alimwambia, akapiga magoti. "Nimechoka, ndugu yangu."

Ule mkono mzito ukashuka taratibu kichwani pake.