Nahimana Anachagua Tairi

Nimeuza matairi ya pikipiki hapa Nyamirambo miaka kumi na saba, na wateja nimewaona wa kila namna. Kuna anayenunua kwa uzuri wa maandishi. Kuna anayenunua kwa sababu jirani yake kanunua. Kuna aliyeliuma tairi kwa meno, naapa, nilikuwa nimesimama hapo hapo. Lakini aliyenichosha roho mpaka nikafikiria kufunga duka nirudi Karagwe nilikozaliwa ni mmoja tu, naye anaitwa Nahimana.

Nahimana ni motari, yaani anabeba abiria kwa pikipiki, mmoja mmoja, kama maelfu ya wenzake wa Kigali. Ana miaka arobaini na sita. Alikulia Buyenzi kule Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili anakimwaga, na kwa kuwa mimi nikigomba nagomba kwa Kiswahili, tunaelewana vizuri. Ni mtu safi. Koti lake limefuliwa, pikipiki inang'aa, na hakimbizi hata akiambiwa abiria amechelewa ndege. Tatizo lake ni kuchagua. Parachichi moja sokoni linamchukua dakika kumi. Mke wake Joselyne aliniambia walichumbiana miaka minane, na siku ya harusi padri alisubiri kwa sababu bwana harusi alikuwa hajaamua viatu. Nilicheka siku hiyo. Ningejua yatanifika na mimi, nisingecheka.

Na msiniulize kwa nini sikumwacha na tabia zake. Binti yangu Gwiza, mtoto wangu pekee, anapima watu macho kwenye duka la miwani kule Kicukiro. Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, anapanda nyuma ya Nahimana. Mwaka wa tatu huu. Kwa hiyo tairi la Nahimana si biashara tu kwangu. Juu yake anakaa mwanangu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, masika yameshaanza, Nahimana akarudi kutoka Kicukiro akasimama mbele ya duka langu. Nikatupa jicho kwenye gurudumu la nyuma. Jamani! Tairi kipara. Katikati hakuna kashata hata moja, vile vijifereji vya kutoa maji vimekwisha, limebaki linateleza kama sahani iliyopakwa mafuta.

"Nahimana, hiki nini?"

"Ndiyo maana nimekuja, Mama Gwiza. Nataka tairi."

"Na umembeba mwanangu juu ya kitu hiki?"

"Polepole," akasema. "Nimembeba polepole."

Nikameza hasira, nikamwita Kamanzi. Kamanzi ni fundi wangu, mtu wa makamo, mikono kama koleo na maneno ya kuhesabu. Akatoa matairi mawili akayalaza mezani. Nikamweleza Nahimana kama ninavyowaeleza wote. Hili mpira wake laini: linashika lami, linashika mawe, hata mvua ikinyesha, lakini linalika upesi. Lile mpira wake mgumu: utalitembelea mpaka ulichoke, lakini barabara ikilowa linakuwa na mambo yake. Chagua.

Akaanza kazi. Akalibonyeza la kwanza kwa ukucha, akalibonyeza la pili. Akayanusa. Akazitafuta zile namba nne za ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, akazisoma kwa sauti, akahesabu kwa vidole. Wateja wengine wawili wakaja, wakahudumiwa, wakaondoka. Mwishowe akainua kichwa.

"Nataka linaloshika kama hili, lidumu kama lile."

"Halipo."

"Halipo dukani kwako?"

"Halipo duniani!"

Akavaa kofia yake. "Basi nitafikiri," akasema, akaondoka na kipara chake.

Jumanne akaja na maoni ya kijiwe kizima. Eti Évode, mwenzake wa pale kijiweni, amemwambia achukue lenye meno makubwa. Nikamwambia meno makubwa ni ya njia za udongo. Évode analala huko juu kwenye matope, ana haki ya meno. Wewe unashinda kwenye lami, na kwenye lami meno yale yanavuma kama nyuki, yanalika, na juu ya jiwe lililolowa yanagusa kidogo kidogo tu. "Ego, mama," akasema, ndiyo ya kwao Burundi hiyo, akaenda kufikiri.

Jumatano akaja na hekima mpya. Je, akichukua lile laini halafu akalijaza upepo mwingi mpaka ligume, si litadumu? Nilishika kichwa kwa mikono miwili. "Nahimana, ukilijaza kama mpira wa miguu linasimama juu ya mstari mwembamba wa katikati. Linagusa kidogo na linaliwa pale pale. Hivyo ndivyo ulivyoliua hilo ulilonalo!" Akaliangalia tairi lake, akaona kweli, katikati kipara na pembeni kashata bado zipo. Akasikitika. Unadhani alinunua? Hakununua.

Jioni nikamgeukia Gwiza. "Kesho unapanda basi."

"Mama, basi linanishusha mjini, napanga foleni upya. Na Nahimana anaendesha vizuri kuliko wote."

"Siongelei Nahimana, naongelea tairi lake!"

"Si umuuzie tu."

"Hanunui! Anafikiri!"

Akacheka. Mtoto anacheka na mimi presha inapanda. Alhamisi mvua ilipiga tangu alfajiri, na Gwiza aliporudi jioni sketi yake ilikuwa na matope upande mmoja mpaka kwenye goti. Akaenda moja kwa moja kuifua. Nikamfuata bafuni. Akakiri kwamba pikipiki ilicheza nyuma walipokuwa wanakata kona, Nahimana akaweka mguu chini, akairudisha. "Kidogo tu, mama." Usiku ule sikula. Niliona kidogo tu ile imekuwa kubwa mara kumi.

Ijumaa nililibeba lile tairi laini begani, mimi mwenyewe na umri wangu, nikateremka nalo mpaka kijiweni. Motari wote wakageuka. "Nahimana! Leo unachagua, au nalifunga mwenyewe hapa barabarani!" Wenzake wakapiga vigelegele kama kwenye harusi. Évode akapiga makofi. Nahimana akashuka kwenye pikipiki, akalipokea tairi begani kwangu kwa heshima zote, akalinusa tena, Mungu wangu, akalinusa tena! "Kesho, Mama Gwiza," akasema. "Baada ya umuganda. Nakuahidi."

Umuganda ni zile kazi za pamoja za Jumamosi ya mwisho wa mwezi, barabara zimetulia na maduka yamefungwa mpaka saa tano. Nilifungua langu tu, huyo kafika, viatu bado vina udongo wa mtaro.

"Laini," akasema. "Nimeamua. Linaloshika."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Kamanzi akainamisha pikipiki, akatoa gurudumu la nyuma, akavua kipara, akavisha jipya. Nikaenda ndani kutafuta chai, nikijua yamekwisha. Nikamsikia Nahimana nje anamwambia Kamanzi kwa upole, "Na hili la zamani nifungie mbele."

Nikarudi nje na kikombe mkononi. Nikainama kuangalia gurudumu la mbele, na sijui kwa nini wiki nzima sikuwa nimeinama upande ule. Nalo lilikuwa kipara. Lilikuwa tairi la nyuma la zamani, limehamishiwa mbele kumalizia maisha yake. Desturi ya motari wengi wa hapa ndiyo hiyo. Jipya linakwenda nyuma, la nyuma linahamia mbele, na la mbele linatupwa. Wengi wanafanya kwa kubana matumizi, nami hugomba nao. Lakini Nahimana alikuwa na sababu yake.

"Nyuma anakaa mtoto wa watu," akaniambia, na alisema kwa fahari kidogo. "Jipya ni lake. Mbele ni mimi tu, mimi nimezoea."

Nilikiweka kikombe chini maana kingenimwagikia.

"Nahimana. Wewe ukianguka, yeye anabaki wapi? Hewani?"

Akaanza kujieleza, nikamkatiza.

"Nyuma ikiteleza pikipiki inacheza, unaweka mguu, unairudisha, kama Alhamisi. Mbele ikiteleza hakuna mguu wala mkono. Unafunga breki, usukani unaondoka, mko chini wote wawili kabla hujaita jina la Yesu. Miaka yote hii hakuna aliyekwambia?"

Nilikuwa na mengine ya kusema, nilikuwa nimejaa wiki nzima. Lakini alikwenda akakaa juu ya rundo la matairi mabovu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kamanzi akaacha kupiga nyundo.

"Kuna mama mmoja anaitwa Xavérine," Nahimana akasema. "Miaka mitano iliyopita nilimbeba, mvua ikinyesha, tunateremka. Nyuma nilikuwa nimefunga jipya wiki ile ile. Nilifunga breki mtoto akikatiza, tukaanguka. Mkono wake ulivunjika mara mbili. Mpaka leo haunyooki. Nikasema ni lile tairi, mara moja tu maishani nilichagua haraka haraka, sikulikagua. Nikaapa sitachagua tena haraka." Akaliangalia gurudumu la mbele. "Na mbele siku hiyo kulikuwa na kipara."

Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Wiki nzima nilikuwa namwita mkaidi, mpaka mbele ya wenzake. Nilijisikia vibaya, na nikijisikia vibaya huwa nafoka, kwa hiyo nikamfokea Kamanzi. "Unasubiri nini? Toa na la mbele! Lete laini jingine!" Nikamwambia Nahimana kwamba huko mbele laini halitalika haraka, kwa sababu gurudumu la mbele halisukumi pikipiki wala halibebi mzigo mkubwa. Anayetaka la kushika na kudumu angalau mbele atalipata. Akaitikia kwa kichwa. Hakulibonyeza, hakulinusa. Nikamwonya pia kwamba tairi jipya linatoka kiwandani lina utelezi juu yake, atembee nalo siku mbili peke yake, taratibu, mpaka ngozi ile itoke.

Jumatatu asubuhi mvua inanyesha ile ya kukaa. Gwiza ana mkoba begani. Nahimana akafika, akasalimia, akachukua kofia ya abiria, na badala ya kumpa Gwiza akanipa mimi.

"Wewe kwanza, Mama Gwiza."

"Mimi niende wapi?"

"Hapa chini tu, tushuke turudi. Umesema yanashika. Mimi kujiamini kumeniishia. Ukipanda wewe, ndipo nitamchukua mtoto wako."

Sasa nieleze kitu. Sipandi pikipiki. Nimekaa miaka yote nikipokea magurudumu kutoka kwenye ajali, najua mno. Nilianza kutafuta sababu: duka, mvua, magoti. Gwiza akakunja mikono. "Mama, mimi napanda kila siku. Wewe unaogopa?" Wee! Nilivaa kofia, nikakusanya kitenge, nikapanda huku nikimtukana Nahimana, mvua na aliyevumbua magurudumu mawili.

Akaiacha lami akashika barabara ya mawe inayoteremka nyuma ya nyumba zetu. Gwiza aliniambia baadaye kwamba miaka mitatu hajapitishwa njia ile hata siku moja, huwa wanazunguka. Mawe yalikuwa yanang'aa kwa maji. Mteremko ulikuwa mkali, nami nimelikamata koti la Nahimana kwa mikono yote miwili na macho nimefumba.

"Nafunga breki," akasema.

"Usifung—"

Akafunga, ya mbele na ya nyuma. Kofia yangu ikagonga ya kwake. Pikipiki ikasimama pale pale, imenyooka, haikusogea hata kidole. Nikafumbua macho. Maji yalikuwa yanapita kati ya mawe chini ya miguu yetu, na Nahimana ameweka miguu yote miwili chini, haondoki.

"Basi, nimeona, yanashika. Twende, nalowa."

Hakuondoka.

"Nahimana!"

"Ni hapa," akasema.

"Hapa nini?"

"Mama Xavérine. Alikuwa amelala hapa." Alinionyesha jiwe kwa kidole, karibu kabisa na gurudumu. "Haya yangeshika, Mama Gwiza. Hata siku ile yangeshika."

Nililiachia koti lake, nikaweka mkono begani kwake, nikauacha hapo mpaka alipotia gia.