Swali Chini ya Mlingoti

Juma lililopita, bandarini Mutrah, afisa kijana alitutembeza wageni kwenye meli ya matanga ambayo jeshi la majini hufundishia mabaharia wake. Alitusimulia historia ya meli kwa ufasaha: ilikoundwa, bahari ilizovuka, mashindano iliyoshinda. Mama mmoja wa makamo akamkatiza kwa Kiswahili cha Unguja.

"Na mwanangu aliyeanguka mlingotini, aliangukia wapi?"

Afisa akavua kofia. Akaonyesha ubao karibu na miguu yetu.

"Hapa, mama. Nilikuwa naye kule juu."

"Alisema nini?"

"Hakuwahi, mama."

Mama akapiga magoti, akaupapasa ubao kwa kiganja. Afisa naye akachutama kando yake, analia. Historia ya meli haikumaliziwa siku ile, wala hapana mgeni aliyeidai.